Nani Atawafunza Wana Wetu Mapishi ya Idi?

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, katika miji mingi ya Ulaya na Marekani hufunguliwa madarasa ambayo mtu wa Langoni akielezwa huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Mzazi hulipa ada, akamshika mwanawe mkono, wakaenda pamoja kufunzwa namna ya kujenga nyumba ndogo kwa mkate wa tangawizi na kuipamba kwa sukari na peremende. Hapana mtihani wala cheti. Kazi ikimalizika, mzazi na mwana hurejea kwao na kinyumba chao juu ya ubao, vidole vinawanata.

Mimi sioni kuwa jambo hili ni la kuchekwa. Naona lina somo kwetu sisi Waamu, nalo si somo la kuiga sikukuu ya wenyewe.

Kwanza tuujue mkate wenyewe. Viungo vyake si vigeni kwetu: tangawizi, mdalasini, karafuu na iliki. Viungo hivi vilitoka Mashariki, na vingi vilivuka Bahari hii ya Hindi kabla ya kufika katika matanuri ya Wazungu. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, waokaji wa mikate ya namna hiyo walikuwa na chama chao tangu mwaka 1643. Ama nyumba ya mkate ilienea sifa baada ya ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, kuchapisha mwaka 1812 hadithi ya watoto wawili waliopotea mwituni wakakuta nyumba ya mkate, yenye paa la keki na madirisha ya sukari. Unga hukandwa, ukasukumwa, ukakatwa kuta na paa kwa kufuata vipimo vya karatasi. Vipande vikisha kuiva huunganishwa kwa sukari iliyopigwa na ute wa yai, ambayo ikikauka hushika kama chokaa ya mwashi.

Huko Bergen, nchini Norway, tangu mwaka 1991 watoto wa shule na jamaa zao hujenga mji mzima wa mikate hiyo. Mwaka 2009 mtu aliingia usiku akauvunjavunja mji ule kabla ya kufunguliwa. Watu wa Bergen hawakusema kwamba ni mkate tu. Walioka upya, na mji ukafunguliwa mwaka ule ule.

Sasa swali ni hili: mtu mwenye jiko nyumbani kwake ana haja gani ya kulipa ili aketi na mwanawe akande unga? Jawabu lake si gumu. Analipa kwa sababu lile lililokuwa likipatikana nyumbani bila kuombwa limekatika. Biskuti hutoka kiwandani, wazazi hutoka asubuhi wakarudi jioni, na bibi anaishi mji mwingine. Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wenzetu wameona hayo, wakaamua kwamba ikiwa ulimwengu ndio utakaofunza, basi mama na baba na wawepo darasani.

Sisi je? Darasa letu lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Baada ya futari, uani kwa watu palijaa watoto. Huyu alipewa mayai na sukari apige mpaka povu liwe zito, ndipo unga na iliki vitiwe kidogo kidogo, upatikane mkate wa mayai. Yule alikaa penye visheti, akikibinya kila kipande cha unga kipate umbo la kombe kabla hakijakaangwa na kutiwa shira. Mwingine alikuna nazi za mkate wa sinia. Na aliyekwisha pevuka kidogo alikabidhiwa amana kubwa kupita zote, nayo ni makaa: machache chini ya sufuria, mengi juu ya kifuniko. Kipimo cha moto ule hakikuandikwa katika kitabu chochote. Mtoto alikijua kwa kuunguza mkate mmoja, akakemewa, na mwaka wa pili asiunguze.

Nikipita mitaa ya Langoni siku hizi, katika siku zile zile, bado nasikia harufu ya iliki ikitoka madirishani. Mapishi hayajafa. Lakini aghalabu anayepika ni mtu mmoja, naye ni mtu mzima. Watoto huletewa sahani imekwisha jaa, na katikati ya sahani hiyo mna biskuti za pakiti kutoka dukani. Mama ukimwuliza, atakutajia sababu, nazo ni za kweli. Mtoto yuko shule mchana na chuoni alasiri, na Ramadhani, ambayo kila mwaka husogea nyuma kiasi cha siku 11, haingoji likizo. Jiko la gesi halina makaa ya kupalia juu. Mayai na samli ni ghali, na mtoto anayejifunza huharibu. Mwenye kipato kidogo hawezi kulipia mkate ulioungua.

Kwa hiyo silaumu mtu. Nasema tu kwamba hasara yake tuihesabu mapema. Wanawake wangapi wa mji huu wamesomesha wana kwa mahamri, mikate na kaimati? Elimu ile waliipata uani kwa mama zao, nao hawakuilipia hata senti. Binti asiyeipata leo amekosa kazi ya mkono ambayo ingemfaa siku ya dhiki. Mji wa Kale wa Amu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo mwenye kutaka kubomoa ukuta wa mawe huulizwa. Lakini mapishi yakipotea uani hapana atakayeulizwa, kwa kuwa hapana aliyeyaandika.

Kadhalika tuwakumbuke wana wa kiume. Wako wanaosema jiko ni la wanawake. Na wanijibu: sufuria kubwa ya halua husongwa na nani? Pilau ya harusi hupikwa na nani? Ni wanaume, nao ni mafundi wanaoheshimiwa. Mvulana anayefukuzwa jikoni leo ndiye tutakayemtafuta kesho atupikie halua.

Baadhi ya jamaa za Kiislamu huko Marekani na Uingereza wameuchukua mkate wa tangawizi wakaujengea misikiti, yenye kuba na minara, ili watoto wao wapate furaha yao katika mwezi wa Ramadhani. Nia yao ni njema, maana wanaishi mahali ambapo mtoto huona mapambo ya wengine kila dirisha. Hapa kwetu sioni haja hiyo. Mtoto wa Langoni anayesikia adhana ya Riyadha hana haja ya msikiti wa kumegwa. Akitaka kujenga kwa mkate, na ajenge nyumba ya Amu yenye baraza mbele na kiwanda ndani.

Ninaloliomba ni dogo. Shule zifungapo Desemba, na tena juma moja kabla ya Idi, mitaa yetu itenge alasiri mbili au tatu. Uani kwa mtu mmoja patoshe. Bibi anayejua afunze, na kila mtoto, wa kike na wa kiume, aje na mzazi mmoja, akichukua kikombe cha unga na yai lake. Asiye na yai asirudishwe. Bibi huyo naye apewe chochote, kwa kuwa ni fundi kama mafundi wengine. Wapishi wa halua wafungue milango yao siku moja, watoto waone. Na mwenye kalamu aandike vipimo, kwa vikombe na vijiko, hata idadi ya makaa.

Hilo ndilo oni langu. Wazazi na walimu wa vyuo wa Langoni wana lao, nami ningependa kulisikia kabla Ramadhani nyingine haijaingia.