Simba Asiyeweza Kulia

Wapo wasemao kwamba filamu ikishafanana na kitu chenyewe hasa, kazi imekwisha. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni simba.

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa The Lion King, simba wake wakichorwa kwa mkono. Wachoraji walitia chumvi: nyusi zilipanda, midomo ikatetemeka, na Simba alipomlilia baba yake aliyekufa, watazamaji walilia naye. Mwaka 2019 hadithi ile ile ilitengenezwa upya kwa kompyuta. Kila unywele ukaonekana. Picha halisi iliyopigwa kwa kamera ni moja tu, ya mapambazuko ya mwanzoni. Lakini simba wa kweli hana uso wa kulia, basi Simba akafiwa huku uso umemkauka.

Ndugu msomaji, uhalisi ni mtumishi wa hadithi, si bwana wake. Nimefundisha walimu kwa chaki miaka mingi; mistari mitatu ubaoni yenye maana huishinda picha nzuri isiyosema neno. Chumvi ikizidi huharibu mchuzi, nakubali. Lakini mchuzi usio na chumvi kabisa, nani ataula?