Shraddha si Kafara

Neno likitafsiriwa vibaya huwavunjia watu heshima. Katika mijadala yetu darasani nimesikia mara nyingi kwamba Wahindu "hulisha mizimu" na "hutoa kafara kwa wafu". Napinga kauli hiyo, na naipinga kama mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu kosa lake linaanzia kwenye lugha.

Kafara hutolewa ili kuondoa balaa. Anayeitoa ana hofu. Shraddha, ibada ambayo Wahindu huwafanyia wazee wao waliofariki, ina msingi mwingine. Jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya imani. Maandiko ya kale ya Kihindu hufundisha kwamba mtu huzaliwa na madeni matatu: kwa miungu, kwa wahenga wenye hekima, na kwa wazee waliomtangulia. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Je, anayelipa deni anatoa kafara?

Tutazame kinachofanyika. Vitonge vya wali au vya unga wa shayiri, vyenye ufuta, huitwa pinda. Hutolewa kwa vizazi vitatu: baba, babu, na baba wa babu. Maji yenye ufuta humiminwa kwa viganja, tendo liitwalo tarpana. Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, nusu mwezi mzima uitwao Pitru Paksha hutengwa kwa ajili yao, na mahujaji hufurika Gaya, katika jimbo la Bihar, kando ya mto Phalgu. Humo hukumbukwa hata waliokufa bila mtoto wala ndugu.

Sikatai kwamba hofu ipo. Aliyefariki karibuni huhesabiwa kuwa roho isiyotulia. Lakini dawa yake si kumfukuza. Katika ibada ya sapindikarana, tonge lake huunganishwa na matonge ya wazee watatu, naye akapata nafasi katika safu yao. Huko ni kumkaribisha mtu nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba mfu hali. Hoja hiyo si ngeni. Wacharvaka wa India ya kale walikwisha kuitoa: kama chakula cha hapa humshibisha aliye ahera, basi msafiri asibebe masurufu, ndugu zake watoe nyumbani naye ashibe njiani. Ni hoja kali, ila inadhani kiini cha ibada ni tumbo. Masimulizi ya Gaya yanaeleza kwamba Sita, alipokosa nafaka, alimtolea mkwewe Dasharatha tonge la mchanga, nalo likapokelewa. Mchanga haushibishi mtu. Kilichopokelewa ni wajibu uliotimizwa.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Mhindu mwenyewe, Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875. Alifundisha kwamba shraddha ya kweli ni kuwahudumia wazazi wangali hai. Nakubaliana naye nusu. Anayemnyima mama yake dawa, kisha akasafiri hadi Gaya kumwaga maji, hajalipa kitu. Lakini kumhudumia aliye hai hakumzuii mtu kumkumbuka aliyekufa. Deni la kuzaliwa halifutiki siku ya mazishi.

Ugomvi wangu na desturi hii uko kwingine. Kwa kawaida kazi hiyo amepewa mtoto wa kiume. Kama deni ni la kuzaliwa, binti naye amezaliwa, na katika masimulizi ya Gaya aliyetoa tonge ni mwanamke. Wahindu wanaodai haki hiyo kwa mabinti zao wanaitetea shraddha, hawaivunji.

Walimu na wanafunzi wenzangu, tukiandika juu ya ibada hii tuliache neno kafara mahali pake. Tambiko liko karibu zaidi, ingawa nalo halitoshi. Tuandike shraddha, kisha tuieleze kwa neno ambalo kila msomaji wetu analielewa na kuliheshimu: deni.