BUSTANI YA NYUMBANI: Fuko na mihogo yetu

Mwezi uliopita niliahidi tutaongea juu ya mbolea. Mbolea itangoja. Tangu mvua ianze watu wanne wamenisimamisha njiani, mmoja tukiwa tunatoka kanisani, na wote swali ni moja: shina la mhogo linanyauka bila sababu, ukilivuta linakuja lenyewe mkononi, chini hakuna kitu. Pembeni kuna kilima kidogo cha udongo laini ambacho jana hakikuwepo.

Huyo ni fuko. Wenyeji wa hapa Dowa wanamwita mfuko, Warundi wanasema ifuku, kwa hiyo Dzaleka nzima tunaelewana. Hata wataalamu, mwaka 2006, walipotafuta jina la kundi moja la fuko wa Afrika walichukua neno hilihili la kwetu, wakaandika Fukomys. Mnyama ameheshimiwa kuliko sisi wenye mihogo.

Tumtambue kwanza, maana wengine wanapigana na asiyehusika. Fuko anakula mizizi: mihogo, viazi vitamu, karoti. Anachimba kwa meno ya mbele, na midomo yake inafunga nyuma ya meno hayo ili udongo usimwingie kinywani. Tena hapendi mlango wazi, kila tundu analiziba kwa udongo. Ukiona tundu liko wazi, lina njia iliyokanyagwa, huyo ni panya. Ukiona tuta limefukuliwa kutoka juu, mimea imelala lakini mizizi ni mizima, basi kuna aliyekuwa anatafuta funza wa mbawakawa, labda kuku wa jirani, labda nguchiro. Funza hao wanazaliana kwenye samadi ambayo haijaoza vizuri. (Nimerudi kwenye mbolea, samahani.)

Sasa jambo lililonifanya niache mada ya mwezi. Wawili kati ya wale wanne waliniambia wameshanunua sumu.

Nisikilizeni, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Nilinunua sokoni kipakiti kidogo kisicho na maandishi, nikapaka sumu kwenye vipande vya kiazi, nikavisukuma ndani ya njia ya fuko, nikafunika, nikanawa mikono, nikalala vizuri kabisa. Usiku fuko akafanya kazi yake ya kila siku: akasukuma udongo nje. Asubuhi kulikuwa na kilima kipya, na juu yake vipande vyangu vya kiazi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Niliporudi nikamkuta mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka miwili, amekaa pale, kipande kiko mkononi. Bibi yake alimfungua kinywa akakuta kitupu, lakini tulikimbia naye kliniki hata hivyo. Hakupata kitu, Mungu ni mwema. Kuku wa bibi yule alikufa kabla ya saa sita. Kuku nilimlipa. Miezi mingi ilipita kabla hajanisalimu kama zamani, na sikumlaumu.

Na kumbukeni kuna majirani wanaomla fuko, wenyeji na sisi pia. Aliyekula sumu kwako anaweza kukamatwa kesho kwenye shamba la mwingine akaingia chunguni. Ikitokea mtoto amemeza, usimtapishe, usipoteze muda kumtafutia maziwa. Mpeleke kliniki mbio, na kile kipakiti uende nacho.

Basi afanyweje? Njia ninayoiamini ni ya jembe na uvumilivu, niliyofundishwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Tafuta kilima kipya, udongo bado una unyevu. Chimba hapo mpaka uone njia yake, ifungue, halafu simama. Usitembee, usiongee, watoto wakae mbali, maana yeye mtikisiko wa ardhi anausikia vizuri. Akishajua njia imefunguka atakuja kuziba. Pengine dakika chache, pengine saa nzima na miguu inauma. Udongo ukianza kusogea, piga jembe nyuma yake ili kumfungia njia ya kurudi, kisha mtoe kwa jembe, siyo kwa mkono. Meno yale hayana mchezo. Kuna aina anayeishi peke yake, ukimpata huyo umepumzika. Kuna aina wanaokaa familia nzima, hapo utarudia kazi siku kadhaa. Ukimaliza, bomoa njia zile uzishindilie, kwa sababu nyumba tupu haikosi mpangaji.

Wengine wananiuliza juu ya utupa, ule mmea ambao kwetu Kongo majani yake yalileweshea samaki, eti ukipandwa pembeni fuko anakimbia. Wanaousifu ni wengi. Mimi niliupanda mstari mzima na fuko akapita chini yake. Na kumwaga maji tunduni? Bidoni ngapi, ndugu yangu, na foleni ya bomba unaijua.

Lakini kwa wengi wetu hata jembe hilo halina pa kusimama. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu kama elfu kumi, sasa tumepita elfu hamsini, na tangu mwaka 2023 waliporudishwa wenzetu waliokuwa wanaishi mijini, bustani nyingi zimebaki upana wa mkeka. Kwa bustani ya namna hiyo mimi nasema gunia. Weka mawe au vipande vya tofali chini, katikati simamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, toboa matundu pembeni upande lengalenga, na juu upande vitunguu. Fuko hapandi gunia. Hata viazi vitamu vinakubali, ingawa vitakuwa vidogo.

Mihogo ndiyo haiingii gunia. Hapo chimba mfereji kuzunguka shamba, kina cha mkono mzima mpaka begani, ujaze tofali zilizovunjika. Haumzuii kabisa, lakini anachoka, na mara nyingi anageuka. Viazi vikishakomaa usiviache ardhini eti vinajihifadhi. Unamhifadhia yeye.

Ya mbolea yatakuja mwezi ujao. Mwenye gunia lililotoboka asilitupe, aniletee.