Kisukari cha mtoto hakitoki kwenye pipi

Mtoto akianza kuomba maji kila mara, kukojoa kitandani ilhali alishaacha, na kukonda ingawa anakula, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama yake: kamzoesha soda na pipi. Ni uonevu. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na sukari aliyokula mtoto.

Kwa wagonjwa wengi waliochunguzwa Ulaya na Marekani, chanzo ni kinga ya mwili yenyewe. Seli T, chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huzishambulia seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini. Shambulio hilo laweza kuendelea kwa miaka bila dalili yoyote. Mwaka 1974 Gian Franco Bottazzo na wenzake, jijini London, walionyesha kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili zinazolenga kongosho. Tangu hapo ikawezekana kuuona ugonjwa ukija kabla sukari haijapanda.

Ugunduzi huo umezaa dawa. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, inayozipunguza makali seli T. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, iliwachelewesha watu waliokuwa hatarini kuugua kwa takriban miaka miwili. Kwa mtoto, hiyo ni miaka miwili bila sindano.

Je, habari hiyo njema inawahusu watoto wa Afrika? Utafiti uliotolewa mwaka 2025 uliwapima karibu watu 900 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini walioanza kuugua wakiwa wadogo na kuambiwa wana aina ya kwanza. Asilimia 65 hawakuwa na kingamwili hizo. Insulini imewapungukia, wanahitaji matibabu, lakini alama ya shambulio la kinga haionekani kwenye damu yao.

Matokeo hayo hayapaswi kuishia kwenye makabati ya vyuo vikuu. Dawa ya kutuliza kinga haina sababu ya kumsaidia mtoto ambaye kinga yake haijamshambulia, na hatajulikana bila kupimwa. Wizara za afya za Afrika Mashariki zina wajibu wa kukifikisha kipimo cha kingamwili katika hospitali za rufaa, na kugharamia utafiti wa kutafuta kinachoua insulini ya vijana hawa.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna jambo la kufanywa leo hii. Mtoto mwenye kisukari kilichochelewa kutambuliwa hutapika, huumwa tumbo na kuhema kwa kasi, na ni rahisi kudhaniwa ana malaria au nimonia. Akikosa insulini hufa. Kila zahanati inayomchoma mtoto kidole kupima malaria inaweza kutumia tone la damu hiyohiyo kupima sukari, kabla ya kumrudisha nyumbani na vidonge.