Kujifungulia Hospitalini Pekee Hakutoshi

Tangu Juni 1, 2013, serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, akina mama wengi wameitikia wito. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82.

La kusikitisha ni kwamba vifo havikupungua kwa kasi hiyo. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa 22 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka wa 2014. Mwaka wa 2022 vilikuwa 21. Hapana shaka, basi, kwamba tumemfikisha mama mlangoni na kumsahau akiwa ndani.

Chukua mfano wa kuvuja damu baada ya kujifungua, jambo linaloua akina mama wengi kuliko jingine lolote wakati wa uzazi. Kwa miaka mingi wauguzi wamekadiria damu hiyo kwa macho tu, na macho hudanganya. Ikigunduliwa kuwa imezidi, mara nyingi mama amekwisha kulegea. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa ya ufa huu si ghali. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili kupima damu inayotoka. Kiasi cha hatari kilipoonekana, wauguzi walitoa huduma zote kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, kumpa mama dawa za kulikaza na za kuzuia damu, kumtundikia maji na kutafuta chanzo. Visa vya uvujaji mkubwa na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60.

Hospitali nyingi za umma sasa ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo, msomaji, usingoje Nairobi. Muulize mwakilishi wa wadi yako: je, mifuko hiyo ipo? Jokofu la kuhifadhia oksitosini linafanya kazi? Damu ya kuongezea wagonjwa ipo usiku? Nawe, ukiwa na afya njema, jitolee damu kabla jirani yako hajaihitaji.