Kabla ya Kununua Gesti ya Mlimani, Lala Humo Kwanza

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Tangu malipo ya kahawa yaanze kutoka msimu huu nimeulizwa mara tatu swali lile lile: je, ni busara kununua nyumba ya wageni ya zamani huko mlimani, kuikarabati na kusubiri watalii wa mapango?

Aliyenifanya niandike ni mzee mmoja wa Mbozi. Alikuja ofisini na mke wake, akanionyesha picha kwenye simu. Gesti ya vyumba vinane juu ya bonde la mto Songwe, imefungwa miaka kadhaa, bati zina kutu, lakini mandhari yake ukiyatazama unasahau shida. Bei ni milioni 40. Ili aipate, alitaka kuuza ekari nne za kahawa.

"Mwanangu, dalali anasema mapango yako jirani. Wageni watajaa," akaniambia.

Mama alikuwa kimya. Nilipomwomba maoni yake akasema, "Bwana shamba, mimi nauliza tutakula nini kabla hawajajaa."

Swali la mama ndilo lililo moyoni mwangu. Msimamo wangu ni huu: usiuze shamba linalozaa ili ununue jengo lililofungwa, eti kwa sababu kuna pango karibu. Kama biashara unaipenda, panga kwanza. Sababu zangu ni hizi.

Pango halimo kwenye mauziano

Dalali anakuonyesha mandhari, lakini karatasi ya mauziano inataja kiwanja na kuta tu. Mapango ya Songwe yako upande wa Mbeya, kwenye bonde la mto Songwe unaomwaga maji Ziwa Rukwa, si ule Songwe wa mpakani na Malawi. Yako kwenye mwamba wa chokaa, na chokaa hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji maeneo yale. Chokaa ni madini. Huenda chini ya gesti unayoipenda kuna leseni ya mtu mwingine, kwa hiyo pita ofisi ya madini uulize kabla ya kutoa hata kishika uchumba.

Pia yapo maeneo yanayolindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Usidhani utaweka geti mlangoni mwa pango na kukata tiketi.

Halafu kuna popo. Mwaka 1980 na 1987 watu waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon nchini Kenya, waliugua Marburg. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango lenye popo nchini Uganda. Hapa kwetu Marburg ilitokea mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Sisemi popo wa Songwe wana ugonjwa. Ninachosema ni kwamba tangazo moja la afya linaweza kufunga pango kwa miezi mingi, na gesti isiyo na mteja mwingine itafungwa nalo. Na wewe uliyezoea kufuata samadi ya popo kwa ajili ya bustani, usiingie humo mikono mitupu na pua wazi.

Angalia maji, halafu angalia choo

Jengo la zamani linadanganya wakati wa kiangazi. Nenda Februari, mvua ikiwa imekolea. Tazama kama gari linapanda, kama paa linavuja, kama kuna nyufa zinazotoka msingini hadi kwenye lenta. Panda darini na bisibisi, choma mbao za kenchi. Ikizama kirahisi, mchwa wamekutangulia, na paa lote linahesabika kuwa jipya.

Kwenye mwamba wa chokaa kuna jambo lingine. Mwamba huo una mipasuko, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa vizuri kama yanavyochujwa kwenye udongo mzito. Shimo la choo la vyumba vinane linaweza kuibukia kwenye chemchemi ya kijiji kilicho chini. Kwa hiyo muulize muuzaji maji taka yanaishia wapi, na usiridhike na jibu la "yanazama yenyewe". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Beba futi ya mkono, upime.

Nani atalala Jumanne?

Gesti za Tunduma zina wateja kwa sababu mtu ana shida ya kulala pale. Kuna dereva wa lori la Zambia au Kongo, mfanyabiashara anayesubiri mzigo, abiria aliyechelewa basi. Hata hao idadi yao hubadilika kadiri taratibu za mpaka zinavyobadilika, na ndiyo maana wenye gesti waliangalia kwa makini kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019. Sasa wewe wa mlimani, mteja wako ana shida gani ya kulala kwako?

Tazama Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Ni kivutio kikubwa, chuma cha tani nyingi. Lakini mgeni anaweza kukiona, akapiga picha na kurudi mjini kabla ya jua kuzama. Kivutio kuleta mtu ni jambo moja, mtu huyo kulala ni jingine.

Tufanye hesabu ya mfano. Vyumba vinane, kila kimoja Sh 15,000. Ukilaza vyumba viwili kwa siku unapata Sh 30,000, yaani Sh 900,000 kwa mwezi. Toa mlinzi 150,000, mhudumu 150,000, umeme na maji 80,000, sabuni, kufua na matengenezo madogo 60,000. Jumla ni 440,000. Unabaki na Sh 460,000, sawa na Sh 5,520,000 kwa mwaka. Kama umenunua kwa milioni 40 na kukarabati kwa milioni 25, itachukua karibu miaka 12 kurudisha fedha yako, kabla ya kodi na leseni. Ukikopa benki, ongeza na riba. Sasa weka pembeni yake kahawa ya ekari nne uliyoiuza.

Karatasi

Kama ni ardhi ya kijiji, uhamisho unapitia halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Karatasi ya mashahidi watatu haitoshi. Kama ina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone kama imewekwa rehani. Muuzaji akiwa ana ndoa na nyumba hiyo ni makazi ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wake aridhie. Na kwa mnunuzi nasema hivyo hivyo, hata pale sheria isipokulazimisha: mama akikaa kimya hajakubali.

Panga kwanza

Nilimshauri mzee amwombe muuzaji ampangishe mwaka mmoja, wakiandikiana kwamba yeye ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kununua. Akarabati vyumba viwili tu. Alale humo masika na kiangazi, na kila siku aandike kwenye daftari nani amelala, katoka wapi, kalipa ngapi. Mwaka ukiisha, daftari litamwambia anunue au asinunue, na kahawa yake ikiwa bado imesimama. Hata Utengule, karibu na Mbalizi, hoteli imekaa ndani ya shamba la kahawa. Shamba halikuuzwa ili hoteli ipatikane.

Muuzaji alikataa kupangisha. Alitaka milioni 40 mkononi, tena kabla ya mwezi kuisha. Mimi nililiona hilo kuwa jibu tosha. Mzee bado ananinunia kidogo, anaamini nimemkosesha bahati. Lakini juzi nilipita shambani kwake, nikamkuta na mama wanapogolea mibuni. Mama alinifungia ndizi za kwenda nazo nyumbani.