Tumbo Linalochagua: Tutapataje Chakula Salama Nyumbani?



Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wengi wetu huona aibu kulitaja, hata mbele ya waume zetu. Ni habari ya tumbo. Hatusemi lile linaloharisha siku 2 likapona, bali lile linalomsumbua mtu kwa miezi na miaka. Linajaa gesi, linasokota, leo choo ni kigumu, kesho amekimbilia chooni mara 4 kabla ya saa 4 asubuhi. Hospitalini anapimwa na kuambiwa, "Hatuoni kitu." Nyumbani anaambiwa ni chango, au kwamba anajisingizia ili asipike.

Katika kwaya yetu ya akina mama yupo mwenzetu mwenye tumbo la namna hiyo. Ameturuhusu tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Tunazisimulia kwa sababu ndani yake limo kosa letu wenyewe, nasi hatupendi lirudiwe katika nyumba nyingine.

ORODHA ILIYOMKONDESHA

Mama huyu alitujia baada ya kutibiwa amiba mara 3 na homa ya matumbo mara 2 kwa mwaka mmoja, bila nafuu. Mwishowe daktari alimpima choo na damu, akamsikiliza kwa utaratibu, akamwambia kuwa ana ugonjwa unaoitwa IBS. Kwa lugha yetu tunaweza kusema ni utumbo wenye kero. Ukiutazama hauna kidonda wala uvimbe, lakini kazi yake haiendi sawa. Hukaza na kulegea ovyo, na mishipa yake ya fahamu husikia maumivu upesi kuliko ya watu wengine. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengine huanza baada ya kuugua tumbo la kuharisha. Katika kila watu 10 waliopata maambukizi ya namna hiyo, karibu mmoja hubaki nao. Hauui, wala haugeuki kuwa saratani. Lakini unaweza kumnyima mtu furaha ya kuketi na wenzake mezani.

"Sista," alituuliza, "sasa nile nini?"

Nasi, kwa haraka ya mwuguzi mwenye foleni mlangoni, tulichukua karatasi tukamwandikia vya kuacha: maharage, kunde, kabichi, vitunguu, maziwa, chapati, mkate, maembe, parachichi, pilipili, vya kukaanga. Alishukuru, akaikunja ile karatasi, akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi 2, amepungua kilo 6. Alikuwa akiishi kwa uji mweupe, wali mtupu na ndizi za kuchemsha. Kila tumbo liliposokota, aliongeza chakula kingine kwenye orodha yetu. Arusini hakwenda tena, na msibani alikaa nje mpaka watu wamalize kula. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka kijijini, akapika maharage ya nazi kwa mapenzi yote, akaona mkamwana hagusi. Siku ya tatu alifunga mzigo wake. "Kama chakula changu kinamkinaisha mke wa mwanangu," alisema, "mimi hapa nakaa kwa nini?"

Tulipoyasikia hayo tuliona haya. Tulimwandikia vya kuacha, hatukumwandikia hata kimoja cha kula. Wala hatukumwambia ni lini avirudie.

KWA NINI CHAKULA KIZURI KIMKERE MTU?

Kwanza tulimrudisha kwa daktari, kwa kuwa kukonda si jambo la kupuuza. Alipimwa upya, ikaonekana hakuna ugonjwa mwingine. Ilikuwa ni njaa. Ndipo tulipoketi naye kwa utulivu na kumweleza jinsi mambo yalivyo.

Katika vyakula vingine zimo sukari na wanga za aina fulani ambazo utumbo mdogo hauzisagi vizuri. Hushuka nzima hadi utumbo mkubwa. Huko huvuta maji, na bakteria huzichachusha mpaka gesi hutoka, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira unavyoumuka. Jambo hili hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba mwenye utumbo wenye kero huumia pale ambapo mwenzake hata hahisi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, walizipa sukari na wanga hizi jina la pamoja la FODMAP mwaka 2005. Zimo katika vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage na jamii yake, maziwa mabichi, na baadhi ya matunda kama embe na tikitimaji. Lakini hao hao watafiti hawakusema mtu aviache maisha yake yote. Walisema avipunguze kwa muda wa wiki 2 hadi 6, kisha avirudishe kimoja kimoja ajue kipi kinamkera na kwa kiasi gani. Hiyo sehemu ya pili ndiyo tuliyoisahau sisi, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote.

TULIVYOANZA UPYA

Tuliichana ile karatasi. Tukamwomba atafute daftari la shule la watoto, na aandike kwa wiki moja mambo matatu tu: alichokula, saa aliyokula, na tumbo lilivyokuwa. Tulipolisoma pamoja tuliona jambo ambalo hakuna orodha ingetuonyesha. Alikuwa anakula mara 1 au 2 kwa siku, usiku saa 3, amesimama jikoni baada ya wote kushiba. Mchana alishinda na chai vikombe 5. Akina mama, ni wangapi kati yetu tunaishi hivyo? Tumbo lililokaa tupu tangu asubuhi kisha likajazwa kwa mara moja litalalamika hata kama chakula ni kizuri.

Basi kabla ya kuondoa chakula chochote, tulipanga saa za kula: milo 3 midogo, ameketi, anatafuna taratibu. Chai na kahawa zisizidi vikombe 3, na maji ya kutosha. Baada ya wiki 2 maumivu yalikuwa yamepungua, ingawa hayakuisha.

Ndipo tulipochagua vyakula 4 alivyovila zaidi zamani, tukavipumzisha kwa wiki 4: vitunguu, maharage, maziwa na vyakula vya ngano. Na safari hii tulimwandikia vya kula, vinavyopatikana sokoni kila siku:

Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, ndizi za kupika, uji wa ulezi.

Samaki, dagaa, mayai, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi.

Mchicha, spinachi, sukuma wiki, karoti, bilinganya, bamia na nyanya kwa kiasi.

Chungwa, nanasi, papai, au ndizi mbivu ambayo bado ni ngumu kidogo. Ikishaiva sana na kuwa na madoa huwasumbua wengine. Tunda moja kwa wakati mmoja, si sahani nzima.

Angalieni kwamba hakuna hata kimoja cha kuagiza mjini. Ni chakula cha nyumba nzima. Mama hakupikiwa sufuria yake peke yake kama mgonjwa, na watoto hawakunyimwa maziwa yao.

KUJARIBU KIMOJA KIMOJA

Wiki 4 zilipotimia, alianza kujaribu. Kanuni ni rahisi. Chagua chakula kimoja. Siku ya kwanza kula kidogo, siku ya pili ongeza, siku ya tatu kula kiasi chako cha kawaida. Tumbo likileta vurugu, acha hapo hapo na uandike ni kiasi gani. Kisha pumzika siku 2 au 3 kabla ya kujaribu kingine. Ukijaribu viwili kwa pamoja hutajua nani mkosaji.

Daftari la mwenzetu lilisema hivi. Maziwa: kidogo ndani ya chai hayana neno, bilauri nzima ni balaa, na mtindi anaweza kunywa nusu kikombe. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima hupungukiwa uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na mtindi una sukari hiyo kidogo zaidi kwa kuwa umechacha. Chapati: moja sawa, tatu hapana. Maharage: vijiko 4 vya chakula sawa, bakuli hapana. Vitunguu: hata kidogo havimpendi.

Kati ya vyakula 4, basi, kilichofungwa kabisa kilikuwa kimoja tu. Vingine 3 vilitaka kipimo. Miezi 2 alikuwa ameogopa maharage, kumbe alipaswa kuogopa bakuli!

Daftari lako litasema mengine. Jirani asikuazime la kwake.

MAMBO MAWILI YA JIKONI

Kuhusu maharage, bibi zetu walijua. Yalowekeni usiku kucha, mwage maji yale, yachemsheni kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Sehemu ya zile sukari za gesi huondoka na maji yaliyomwagwa.

Kuhusu vitunguu, sukari zake huyeyuka ndani ya maji lakini haziyeyuki ndani ya mafuta. Kwa hiyo ukitia kitunguu kizima katika mchuzi kisha ukakitoa, umechelewa, maana mchuzi umeshanywa. Lakini ukikaanga vipande vya kitunguu au saumu ndani ya mafuta matupu, ukavitoa vyote kabla ya kutia nyanya au maji, harufu hubaki na kero hutoka. Yale majani mabichi ya kitunguu pia huwafaa wengi. Tangawizi, binzari na giligilani havina shida kwa walio wengi. Wapo pia wanaotumia mvuje kidogo sana badala ya vitunguu, ila uliza kwanza, kwa kuwa mwingine wa dukani umechanganywa na unga wa ngano.

USINGOJE UKIONA HAYA

Usijipachike jina la IBS mwenyewe. Nenda hospitali ukaonwe na daktari ikiwa kuna damu kwenye choo, unakonda bila kupenda, una homa, umepungukiwa damu, unaamshwa usiku na kuharisha, au unasikia uvimbe tumboni. Vivyo hivyo ikiwa matatizo yameanza umeshavuka miaka 50, au katika ukoo yupo aliyeugua saratani ya utumbo mkubwa au ya ovari. Tumbo linalojaa karibu kila siku na halishuki, mwambie daktari, kwa kuwa ovari nazo huweza kuwa na dalili hiyo. Na kama u mjamzito, unanyonyesha, au una kisukari, usianze kupunguza vyakula kabla ya kuongea na mtaalamu.

Na ukishaambiwa ni IBS, uliza swali la mwenzetu: "Sasa nile nini?" Ukipewa orodha ya vya kuacha peke yake, omba kwa heshima na orodha ya vya kula, na siku ya kuanza kuvirudisha vile vingine. Sisi wauguzi tukiulizwa hivyo hatuna budi kukaa chini tukafikiri.

MAMA MKWE ALIPORUDI

Mwenzetu alimwandikia mama mkwe wake barua, akamweleza yote bila kuficha, hata habari ya choo. Haikuwa rahisi. Mama mkwe alikaa kimya majuma kadhaa, kisha akaja. Siku ya kwanza aliloweka maharage yake. Siku ya pili alikaanga saumu kwenye mafuta, akazitoa moja moja kwa kijiko huku akinung'unika kwamba huo ni upotevu wa saumu. Mume akaletewa hizo saumu kwenye sahani yake, akazila zote.

Mkamwana alipima vijiko vyake 4 vya maharage, ugali wake na mchicha, akala mbele ya watu wote. Mama mkwe alimtazama mpaka sahani ikaisha, asiseme kitu. Kisha akamuuliza, "Na kesho je, unaruhusiwa vingapi?"

"Vinne, mama."

"Haya. Vinne nitavipika vizuri."

Kilo 4 kati ya zile 6 zimesharudi, na Jumapili iliyopita alikula nasi kwenye chakula cha kwaya. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake.

Mpaka mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani na mezani.